Mpango wa mazoezi ya marathoni

Mpango wa mazoezi ya marathoni ni ratiba ya wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya 12 na 20, inayomwandaa mtu kukimbia umbali wa kilomita 42.195 bila kuumia na bila kuishiwa nguvu njiani. Ratiba hiyo hupangwa kwa kurudi nyuma: mkimbiaji huanza na tarehe ya mashindano, kisha huhesabu wiki hadi siku ya kwanza ya mazoezi. Mipango ya nusu marathoni (kilomita 21.1) hufuata utaratibu huohuo kwa muda mfupi zaidi.

Mipango mingi inayosambazwa duniani iliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi na kwa watu wanaofanya kazi ofisini siku 5 kwa wiki. Mahali kama Mwadui, mji wa mgodi wa almasi katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, wiki ya kazi haifanani na hiyo, wala majira hayafanani. Anayenakili ratiba bila kuibadilisha huishia kukimbia kilomita 30 kwenye tope au baada ya zamu ya usiku. Kwa sababu hiyo makala hii inaeleza kanuni za jumla na kuzipima kwa mazingira ya Mwadui, Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita.

## Historia

Umbali wa kilomita 42.195 ulikimbiwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 ukawa umbali rasmi wa marathoni. Aliyeathiri zaidi namna ya kupanga mazoezi ni Arthur Lydiard (1917–2004), kocha wa New Zealand aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha viatu. Alijijaribia mwenyewe kwa miaka mingi kabla ya kuwafundisha wengine. Alitaka hata wakimbiaji wa mita 800 wajenge kwanza msingi wa takriban kilomita 160 kwa wiki, kisha waingie kwenye vilima, na kasi ije mwisho. Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960 wanafunzi wake Peter Snell na Murray Halberg walipata dhahabu siku moja, na Barry Magee akapata shaba katika marathoni iliyoshindwa na Abebe Bikila wa Ethiopia. Mipango ya leo hutofautiana katika mengi, lakini mpangilio wa msingi kwanza na kasi baadaye umebaki.

Tanzania ina historia yake ndefu katika mbio hizi. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti likiwa limefungwa bandeji. Mji ule uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Gidamis Shahanga alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, na Samson Ramadhani akashinda ile ya Melbourne mwaka 2006. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita kando ya Ziwa Viktoria, alishinda Marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Mfano wake unafaa kukumbukwa na watu wa Kanda ya Ziwa, kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba mbio ndefu ni za watu wa milimani tu.

Juma Ikangaa ndiye anayefundisha zaidi kuhusu mgawanyo wa nguvu. Mwaka 1988 alikuwa wa pili Boston kwa sekunde 1 nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Mwaka 1989 alikuwa wa pili tena, lakini mwishoni mwa mwaka huo alishinda New York kwa saa 2:08:01, yaani wastani wa dakika 3 na sekunde 2 kwa kila kilomita. Mwaka 1990 Boston alianza kwa kasi kubwa mno, akaongoza kwa muda mrefu, kisha akapitwa kwenye vilima na Gelindo Bordin wa Italia. Alphonce Simbu alifanya kinyume katika Mashindano ya Dunia ya Tokyo tarehe 15 Septemba 2025. Alikaa ndani ya kundi katika joto na kumpita Amanal Petros wa Ujerumani hatua za mwisho kabisa, kwa tofauti ya sekunde 0.03, akawa Mtanzania wa kwanza kushinda dhahabu katika mashindano hayo. Miezi michache kabla yake, tarehe 21 Aprili, alikuwa amemaliza wa pili Boston. Kati ya mbio hizo mbili kulikuwa na wiki 21 kamili, muda unaotosha kupumzika, kujenga msingi upya na kujinoa.

## Kwa nini miezi, si wiki mbili

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 hutumia takriban kilokalori 2,500 kumaliza marathoni. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, unaoitwa glikojeni, hutoa karibu kilokalori 2,000 tu. Pengo hilo ndilo linalowaangusha wengi kati ya kilomita ya 30 na ya 35, pale miguu inapokuwa mizito ghafla na mtu aliyekuwa akikimbia vizuri anaanza kutembea. Mazoezi ya muda mrefu kwa kasi ndogo huufundisha mwili kuchoma mafuta zaidi na kubana matumizi ya glikojeni. Pia huongeza mishipa midogo ya damu ndani ya misuli na kuupa moyo uwezo wa kusukuma damu nyingi kwa kila pigo.

Tatizo ni kwamba sehemu za mwili hazikui kwa mwendo mmoja. Pumzi huimarika ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huhitaji miezi. Mtu wa wiki ya 5 hujisikia ana nguvu kuliko miguu yake inavyoweza kubeba, na majeraha mengi ya wanaoanza hutokea katika kipindi hicho cha kujisikia vizuri.

Kanuni inayotajwa sana ni kutoongeza umbali wa wiki kwa zaidi ya asilimia 10. Kanuni hiyo haina uthibitisho mkubwa: utafiti uliofanywa Groningen, Uholanzi, na kutolewa mwaka 2008 uliwagawa wakimbiaji wapya katika makundi mawili na haukuona tofauti ya majeraha kati ya walioifuata na wasioifuata. Lililo na busara zaidi ni kupanda kwa wiki 3 na kushuka katika wiki ya 4, ili mwili upate nafasi ya kujijenga.

## Kuhesabu kutoka siku ya mashindano

Mkimbiaji wa Shinyanga kwa kawaida hulenga moja ya mbio mbili. Moja ni Kilimanjaro Marathon, inayofanyika Moshi tangu mwaka 2003, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Nyingine ni Rock City Marathon ya Mwanza, ambayo iko karibu zaidi na mara nyingi hufanyika Oktoba, umbali wa kilomita 21 ukiwa ndio unaovutia wengi.

Anayelenga Moshi akirudi nyuma wiki 16 anajikuta mwanzoni mwa Novemba. Ni wakati ambapo mvua zinaanza Shinyanga, na zitaendelea hadi Aprili au Mei. Mpango wake wote, kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, uko ndani ya msimu wa mvua na wa kilimo. Udongo mweusi wa mbuga, ulioenea sehemu nyingi za Kishapu, ukilowa hunata kwenye viatu hadi kila mguu unakuwa na uzito wa jembe, na kifundo cha mguu huteguka kirahisi. Njia za ng'ombe zilizokuwa nzuri Agosti hazipitiki Desemba. Mkimbiaji hulazimika kuhamia barabara za changarawe au pembeni mwa lami, na mazoezi ya kasi huyafanya kwenye uwanja wa mpira siku ulipokauka. Zaidi ya hayo, wiki za kupanda na kupalilia ni kazi ya mwili mzima. Saa 4 za jembe lazima zihesabiwe kama mazoezi, hata kama saa ya mkononi haikurekodi kilomita yoyote.

Anayelenga Mwanza ana hali tofauti. Miezi ya Julai hadi Oktoba ni mikavu, mavuno yamekwisha na njia za porini zimefunguka, zikiwemo zile zinazopita kando ya ngitili, maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa na kaya na vijiji. Adui hapa ni vumbi na joto, ambalo hufikia kilele Septemba na Oktoba, wakati hasa mazoezi yanapokuwa makali zaidi.

Kwa mtu anayeweza tayari kukimbia kilomita 30 kwa wiki, mpango wa wiki 16 unaweza kwenda hivi. Wiki 3 za kwanza ni kilomita 30, 34 na 38, kisha ya 4 inashuka hadi 30. Wiki ya 5 hadi ya 7 zinapanda kutoka 40 hadi 48, ya 8 inashuka hadi 36. Wiki ya 9 hadi ya 11 zinafika 56, ya 12 inarudi 42, na ya 13 ndiyo kilele, kilomita 60. Kuanzia hapo ni kushuka tu: 45, halafu 35, halafu wiki ya mashindano. Mbio ndefu ya wiki huanza na kilomita 12 na kufika 30 au 32 katika wiki ya 13, mara moja tu. Kwa Moshi, siku hiyo ya kilomita 32 huangukia mwanzoni mwa Februari.

Mtu asiyefikia kilomita 30 kwa wiki anashauriwa kutumia miezi 2 au 3 kujenga msingi kabla ya kuanza kuhesabu, au kukimbia nusu marathoni mwaka huo.

## Wiki moja ya mazoezi

Mkimbiaji wa kawaida hukimbia siku 4 au 5. Siku moja ni ya mbio ndefu, siku moja ya kasi, na zilizobaki ni za mwendo mwepesi. Kosa lililoenea kuliko yote ni kukimbia siku nyepesi kwa kasi. Kipimo chake hakihitaji kifaa: anayekimbia mwendo mwepesi aweze kusema sentensi nzima kwa mwenzake bila kukatizwa na kuhema. Kwa makadirio, kilomita 8 kati ya kila 10 zinapaswa kuwa za aina hiyo. Hata Eliud Kipchoge wa Kenya, aliyekuwa akikimbia zaidi ya kilomita 200 kwa wiki kutoka kambi ya Kaptagat, alitumia sehemu kubwa ya kilomita hizo kwa mwendo ulio mbali na ule wa mashindano. Wanaoiga kilomita zake wakasahau wepesi wake huumia mapema.

Siku ya kasi inaweza kuwa mizunguko ya mita 1,000 mara 5 yenye mapumziko ya dakika 2 au 3, au kilomita 6 hadi 10 kwa kasi inayokusudiwa siku ya mashindano. Anayetaka kumaliza kwa saa 3:30 anahitaji wastani wa dakika 4 na sekunde 59 kwa kilomita. Saa 4 kamili ni dakika 5 na sekunde 41.

Vilima ni shida ya pekee kwa Mwadui. Nchi ni tambarare, na mashimo na vilima vya mabaki ya mgodi viko ndani ya eneo lenye ulinzi, hivyo si mahali pa mazoezi. Lakini njia ya Kilimanjaro Marathon ina mpando mrefu kuelekea Mweka katika nusu yake ya pili, pale miguu inapokuwa imechoka. Mkimbiaji anaweza kutafuta mwinuko mfupi wa mita 150 au 200 na kuupanda mara 8 hadi 12, au kupanda ngazi za jukwaa la uwanja. Wa Geita na Mwanza wana bahati, vilima viko nyumbani.

Siku 2 kwa wiki hutengwa dakika 20 za kuimarisha misuli: kuchuchumaa, kunyanyua visigino kwenye ngazi na kujishikilia kwa viwiko. Wachimbaji wadogo na wabeba mizigo hawahitaji kuongeza uzito. Wao huhitaji zaidi kupumzisha mgongo.

## Kazi ya zamu

Migodi mikubwa hufanya kazi saa 24, na sehemu kubwa ya wafanyakazi hubadilishana zamu za mchana na usiku. Mpango wa siku 7 hauwafai. Njia rahisi ni kuacha kuhesabu kwa Jumatatu na Jumapili na kufuata mzunguko wa zamu wenyewe, hata kama ni wa siku 8, 9 au 12, mradi mbio ndefu moja na siku moja ya kasi ziingie katika kila mzunguko wa karibu wiki. Mbio ndefu iwekwe siku ya pili ya mapumziko, si ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza baada ya zamu za usiku mwili unadai usingizi. Asubuhi ya kutoka kazini usiku hufaa mwendo mwepesi wa dakika 30 au kulala moja kwa moja. Usingizi ndio wakati ambao misuli hujengwa, na aliyelala saa 4 akakimbia kilomita 20 amejichosha zaidi kuliko alivyojijenga.

## Joto, maji na chakula

Kwa kuwa Shinyanga iko magharibi ya nchi, jua huchomoza baadaye kuliko Dar es Salaam, karibu saa 12 na nusu asubuhi, na linakuwa utosini kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana. Saa za baridi ni kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 2 asubuhi. Saa 10 jioni, ambayo wengi huiona kuwa jioni, bado ni kati ya saa zenye joto kali. Mwili huzoea joto ndani ya siku 10 hadi 14 za mazoezi ya polepole, na baada ya hapo jasho huanza mapema na mapigo ya moyo hushuka.

Kanuni ya maji ni kunywa kwa kiu na kubeba maji katika mbio zinazozidi saa moja. Kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwa kuwa chumvi ya damu hushuka na mtu anaweza kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu. Mkimbiaji anayeacha kutoka jasho, anayepepesuka au kujibu mambo yasiyoeleweka anapaswa kusimamishwa, kuwekwa kivulini, kumwagiwa maji na kupepewa mara moja, wakati safari ya kituo cha afya inaandaliwa.

Chakula cha Usukuma kinafaa mbio ndefu kuliko vingi vinavyouzwa kwenye pakiti. Ugali wa mtama au mahindi, wali, viazi vitamu na michembe hutoa wanga. Maziwa ya mgando, dagaa, maharage na karanga hurekebisha misuli. Mbio zinazozidi dakika 90 huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa: ndizi mbili zilizoiva, au soda iliyoachwa ikatoka gesi. Kila kitu kitakacholiwa siku ya mashindano kijaribiwe kwanza kwenye mbio ndefu za mazoezi. Tumbo lisilozoea hukataa palepale barabarani.

## Majeraha na magonjwa

Maumivu ya misuli ya pande zote mbili yanayoisha ndani ya siku 2 ni ya kawaida. Maumivu ya nukta moja kwenye mfupa, hasa wa ugoko au unyayo, yanayozidi kila hatua, huweza kuwa ufa mdogo wa mfupa na huhitaji kupumzika na kupimwa. Kumeza diklofenaki ili kukamilisha ratiba ni tabia iliyozoeleka na mbaya: dawa hiyo huficha jeraha, na kwa mtu aliyepungukiwa maji huweza kuumiza figo.

Malaria hurudisha mipango mingi nyuma katika msimu wa mvua. Kumaliza dawa mseto ya siku 3 hakumaanishi kuwa tayari kwa mbio, kwani damu inaweza kuwa bado pungufu. Anayepona huanza kwa kutembea, kisha nusu ya umbali wa kawaida kwa wiki nzima. Kanda ya Ziwa pia ina watu wengi wenye vinasaba vya selimundu. Aliyerithi kinasaba kimoja kwa kawaida anaweza kukimbia, lakini anashauriwa kuepuka mazoezi makali ya ghafla kwenye joto. Mwenye ugonjwa wenyewe aamue pamoja na daktari wake. Mwanamke anayekosa hedhi wakati wa mazoezi makali huwa anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake iko hatarini.

Barabara nayo ni sehemu ya usalama. Barabara kuu ya Shinyanga–Mwanza inayopita Maganzo ina malori usiku na mchana, hivyo mkimbiaji wa alfajiri hukimbia upande ambao magari yanamjia usoni, akiwa na nguo ya kung'aa na bila vifaa vya masikioni. Vikundi vya jogging, ambavyo siku hizi viko karibu kila mji, huwasaidia hasa wanawake wasiotaka kukimbia peke yao gizani.

## Wiki za mwisho na siku ya mashindano

Wiki 2 hadi 3 za mwisho umbali hupunguzwa kwa asilimia 40 hadi 60, lakini kasi fupifupi hubaki. Katika kipindi hiki mwili huchezacheza: mguu unauma bila sababu na wasiwasi unamwambia mtu aongeze mbio moja ndefu ya kujihakikishia. Mazoezi ya siku 10 za mwisho hayaongezi tena uwezo. Huongeza uchovu tu. Siku 2 au 3 kabla ya mbio, sehemu kubwa ya sahani iwe wanga, na viatu viwe vilivyokwisha kukimbiwa angalau kilomita 50.

Anayetoka Shinyanga kwenda Moshi kwa basi hutumia karibu siku nzima barabarani, na anapaswa kufika angalau siku 2 kabla ili miguu iliyokaa muda mrefu ilegee. Siku yenyewe, kilomita 10 za mwanzo huendeshwa polepole kidogo kuliko kasi iliyokusudiwa. Ndizo zinazoonekana rahisi kuliko zote, na ndizo zinazoamua kilomita ya 35.

Baada ya mbio, siku 7 hupita bila kukimbia, zikiwa na matembezi tu, na mazoezi makali hayarudi kabla ya wiki 3 au 4. Katika safari ya kurudi ni vizuri kushuka kila basi linaposimama na kutembea dakika chache ili damu isigande miguuni.